Funga Tableti, Usifunge Kinywa cha Mtoto

Leo ningependa tuzungumze juu ya kitu kidogo, ukubwa wake kama daftari la shule, ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za nchi yetu. Kitu hicho ni tableti, ambayo wengine huiita kishikwambi.

Tableti haikuja kwetu usiku kama mwizi. Iliingia mchana, na sisi wenyewe tukaipokea. Mwaka wa 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka tableti katika shule za msingi za umma kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza. Kisha Machi mwaka wa 2020 shule zilifungwa nchini kote kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi hawakurudi madarasani hadi Januari mwaka wa 2021. Katika miezi ile wazazi wengine walinunua tableti ili watoto wasome nyumbani, na wengine waliwapa watoto simu zao. Ugonjwa ulipopungua, shule zilifunguliwa, lakini tableti na simu zilibaki mikononi mwa watoto.

Sisemi kwamba kitu hiki ni kibaya. Mtoto aweza kujifunza hesabu kwa tableti, aweza kusoma hadithi, tena aweza kumwona shangazi yake aliye ng'ambo na kuzungumza naye uso kwa uso. Lakini yatupasa kufahamu jambo moja. Tableti iliyounganishwa na intaneti ni mlango. Mtoto hutoka kwa mlango huo na kwenda mbali, na watu wa mbali huingia kwa mlango huo huo na kumfikia mtoto, hata kama ameketi kitini sebuleni kwako. Je, ni mzazi gani atakayemwacha mtoto wa miaka minane asimame peke yake usiku kwenye steji ya matatu, azungumze na kila apitaye? Hakuna. Basi, mbona twampa tableti isiyo na kufuli, tukaenda zetu jikoni?

Waliotengeneza mashine hizi wameweka ndani yake makufuli ya wazazi. Makufuli hayo hayauzwi kando. Yamo tayari, au hupatikana bure. Shida ni kwamba wazazi wengi hawajui kama yapo, na wengine huyaogopa wakidhani ni kazi ya mafundi. Sivyo, ndugu zangu. Mtu yeyote awezaye kutuma pesa kwa simu aweza pia kuyaweka. Kazi yote haizidi jioni moja.

Jambo la kwanza ni namba ya siri. Kila kufuli lina ufunguo wake, na ufunguo wa tableti ni namba. Usichague mwaka uliozaliwa, wala mwaka aliozaliwa mtoto, kwa maana hizo ndizo namba ambazo mtoto atajaribu kwanza. Usitumie namba yako ya M-Pesa, kwa kuwa mtoto akiijua moja atakuwa amejua zote mbili. Na unapoiandika, funika kwa mkono. Watoto wana macho, wala hawasahau upesi kama sisi.

Jambo la pili ni akaunti, na hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Mzazi hununua tableti, huifungua kwa akaunti yake mwenyewe, kisha humpa mtoto. Lakini mashine haijui ni nani aliyeishika. Huamini umri ulioandikwa katika akaunti. Ukiiandikia umri wako, itamhudumia mtoto wa miaka saba kana kwamba ni mtu wa miaka arobaini. Itamletea matangazo ya watu wazima na video za watu wazima, wala haitaona kosa lolote. Kwa hiyo mtoto awe na akaunti yake mwenyewe, na tarehe yake ya kuzaliwa iwe ya kweli.

Kama tableti yako ni ya Android, na tableti nyingi za bei nafuu ni za namna hiyo, kuna programu ya kampuni ya Google iitwayo Family Link. Ilianzishwa mwaka wa 2017. Pakua programu hiyo katika simu yako wewe mzazi, kisha fuata maelezo yake ili umfungulie mtoto aliye chini ya miaka 13 akaunti yake. Halafu chukua tableti ya mtoto, uingize akaunti hiyo mpya. Tableti itakuomba nenosiri lako ili ithibitishe kwamba wewe ndiwe mzazi. Tangu hapo, simu yako huwa kama funguo za nyumba. Mtoto akitaka kupakua programu mpya, ombi lake litakuja kwako, nawe utakubali au utakataa. Waweza kuweka dakika za kila siku, waweza kuweka saa ya kulala, na waweza kuona ni programu gani ametumia kwa muda mrefu.

Jambo la tatu ni duka. Katika tableti ya Android programu hutoka katika duka liitwalo Play Store. Hata mzazi asiyetaka Family Link aweza kuliwekea duka hilo mpaka. Fungua Play Store, bonyeza picha ndogo ya akaunti iliyo juu upande wa kulia, uingie katika mipangilio, kisha sehemu ya familia, kisha udhibiti wa wazazi. Washa, uandike namba ya siri, halafu chagua umri. Kwetu programu hupangwa kwa umri wa miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Ukichagua 7, mtoto hataweza kupakua mchezo wa miaka 16. Lakini kumbuka: mpaka huu hauondoi programu zilizokwisha kuwekwa. Hizo zitazame moja moja, na usiyoijua uiondoe. Vilevile, kama kadi yako ya benki imo katika akaunti, weka sharti la nenosiri kwa kila ununuzi. Mtoto anayebonyeza kioo ili apate upanga mpya wa mchezo hajui kwamba anatumia karo ya shule.

Jambo la nne ni video na tovuti. Kwa watoto wadogo, afadhali kuondoa YouTube ya kawaida na kuweka YouTube Kids, ambayo ilianza mwaka wa 2015. Ndani yake mzazi huchagua kundi: watoto wa miaka minne kwenda chini, wa miaka mitano hadi minane, au wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Kuna na njia iliyo salama zaidi, ambayo si wengi waijuao. Waweza kuamuru kwamba mtoto aone zile video na idhaa ulizozichagua wewe mwenyewe tu, wala isionekane nyingine.

Kwa upande wa tovuti, kuna kufuli moja dogo lenye faida kubwa. Tableti ikitaka kufungua tovuti yoyote, huuliza kwanza anwani yake, kama mtu aulizaye njia. Ukimweka mahali hapo mwelekezaji mwema, atakataa kuonyesha njia ya kwenda mahali pabaya. Katika tableti za Android za toleo la 9 na zilizofuata, fungua mipangilio ya mtandao, utafute mahali pa DNS ya faragha, uandike maneno haya bila kuacha nafasi: family.cloudflare-dns.com. Huduma hiyo ya kampuni ya Cloudflare ilianzishwa mwaka wa 2020, haina malipo, na kazi yake ni kukataa tovuti nyingi za picha chafu pamoja na zile ziharibuzo mashine.

Jambo la tano ni saa. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano. Lilisema kwamba mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asiketishwe mbele ya kioo kabisa, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa ni chini ya hapo ni bora zaidi. Kwa wakubwa wao, amueni nyumbani kwenu, lakini amueni. Wekeni saa ambayo tableti hujifunga yenyewe, kwa mfano saa mbili usiku, nayo ilale chumbani kwa wazazi. Mambo mengi mabaya humpata mtoto akiwa peke yake chini ya blanketi, wakati nyumba yote imelala.

Walio na iPad nao wasidhani wamesahauliwa. Tangu mwaka wa 2018 mashine hizo zina sehemu iitwayo Screen Time ndani ya mipangilio. Humo mzazi huweka namba ya siri, huweka saa, huzuia upakuaji wa programu, na huchagua kwamba tovuti za watu wazima zisifunguke au kwamba zifunguke zile tu alizoziruhusu. Na ikiwa nyumbani hakuna tableti ila simu moja ya mama, ambayo watoto huiomba kila jioni, basi tumieni ile njia ya kubandika programu. Hupatikana katika mipangilio ya usalama ya simu nyingi za Android. Ukiibandika programu ya hadithi na kuamuru iombe namba ya siri, mtoto hawezi kutoka humo kwenda kwenye ujumbe wako wala kwenye pesa zako.

Majina ya sehemu hizi hutofautiana kidogo kutoka mashine moja hadi nyingine. Usikate tamaa, tafuta polepole. Na wewe nyanya unayelea wajukuu, usione aibu kumwita kijana wa jirani akuonyeshe mahali pa kubonyeza. Lakini ikifika wakati wa kuandika namba ya siri, mwambie ageuke atazame ukuta. Msaada ni wake, ufunguo ni wako.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, sikilizeni vizuri, maana tumefika penye kiini cha mazungumzo yetu. Mzazi aliyefanya haya yote atafurahi na kusema, "Sasa nimemaliza." La, hajamaliza. Makufuli haya ni mazuri, lakini yana mipaka. Hayazuii filamu iliyoletwa na rafiki katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Hayazuii simu ya mtoto mwenzake huko shuleni. Family Link haisomi maneno ambayo mtu huandikiana na mtoto wako ndani ya mchezo. Tena mtoto mwerevu wa miaka kumi na miwili hupata njia ya kuruka ukuta, kama vile wengine wetu tulivyoruka ua la shule enzi zetu.

Tuseme kuna msichana wa miaka kumi anayecheza mchezo wenye wachezaji kutoka nchi nyingi. Mmoja wao anamwandikia kila siku, anamsifu, anamwambia kwamba naye ni mtoto wa miaka kumi na mmoja. Baada ya wiki mbili anamwomba picha. Baada ya wiki tatu anamwomba picha ya namna nyingine, na kumwambia, "Usimwambie mama yako, atakunyang'anya tableti." Msichana huyo anajua kwamba ni kweli. Siku zote nyumbani kwao amesikia, "Nikiona upuuzi wowote humo, nitaivunja!" Kwa hiyo ananyamaza. Je, ni nani aliyemfunga kinywa? Yule mgeni alianza kazi hiyo, lakini kamba aliipata kwa mzazi.

Hii ndiyo sababu nasema: funga tableti, lakini usifunge kinywa cha mtoto. Watu wenye nia mbaya hutegemea kufuli moja tu, nalo ni hofu ya mtoto kusema. Mzazi akiliondoa hilo, amewanyang'anya silaha yao.

Tufanyeje basi? Kwanza, usiweke makufuli kwa siri usiku mtoto akiwa amelala. Mketishe kando yako, mfanye kazi hiyo pamoja, ila namba tu asiione. Mwambie kwa upole, "Mwanangu, leo tunaiwekea tableti hii kufuli, kama vile tunavyofunga mlango wa nyumba usiku." Huenda akakuuliza, "Kwani mama huniamini?" Mjibu, "Wewe nakuamini. Nisiowaamini ni watu nisiowajua, ambao wanaweza kukufikia kwa mlango huu." Mtoto aliyeelezwa sababu ya ua hulichukulia kuwa ni lake. Mtoto aliyelikuta asubuhi bila neno huliona kuwa gereza, na mfungwa kazi yake ni kutafuta njia ya kutoroka.

Pili, mpe ahadi hii, nawe uishike: "Ukiona kitu kibaya, au mtu akikuomba jambo la siri, njoo uniambie wakati wowote. Hutapigwa, wala tableti haitachukuliwa kwa sababu umesema kweli." Wazazi wengine watauliza, "Je, kama yeye mwenyewe ndiye aliyekosa?" Hata hivyo. Kosa lina siku yake ya kuzungumzwa. Siku ile mtoto aliyotetemeka akaja kwako, siku hiyo kwanza mpokee.

Tatu, mfano wako. Baba anayekula chakula cha jioni huku macho yake yakiwa kwenye simu hawezi kumwamuru mwanawe aweke tableti chini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi twamlea kwa macho yake kuliko kwa masikio yake. Kama tableti hulala saa mbili, simu za wazazi nazo zipumzike wakati wa chakula.

Nne, legeza kadiri anavyokua. Kufuli la mtoto wa miaka sita si la kijana wa miaka kumi na mitano. Facebook, Instagram na TikTok zenyewe huweka umri wa miaka 13 kwa akaunti ya kawaida, kwa hiyo usimsaidie mtoto wa miaka tisa kudanganya umri. Lakini kijana akikua na kuonyesha busara, mwongezee saa na umpunguzie mipaka, ili siku atakapotoka nyumbani kwako awe amekwisha kujifunza kujifungia mwenyewe.

Na kama jambo limekwisha kutokea, je? Usipige kelele. Mshukuru mtoto kwa kusema. Usimjibu yule mtu, wala usifute ujumbe wake, kwa kuwa huo ni ushahidi. Andika jina alilotumia na tarehe. Ikiwa kuna picha ya utupu ya mtoto, usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuomba msaada, maana kuisambaza ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka wa 2018 juu ya makosa ya kompyuta. Nenda kituo cha polisi na kifaa chenyewe. Waweza pia kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto nchini Kenya, wala hailipishwi. Mtoto mwenyewe naye aweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo kama vile ulivyomfundisha jina la babu yake. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inamlinda dhidi ya kudhulumiwa mtandaoni kama inavyomlinda dhidi ya kudhulumiwa nyumbani au njiani. Kwa hiyo usione haya, wala usiseme ni mambo ya kumalizwa kimya kimya.

Ndugu zangu wapenzi, zamani mzazi alijua kila njia iliyopita mbele ya boma lake, na kila mgeni aliyepiga hodi. Siku hizi njia nyingine hupita ndani ya kioo, na wageni wake hawapigi hodi. Wajibu wa mzazi haukubadilika. Bado ni yeye anayeamua mlango ufunguliwe saa ngapi na kwa nani, na bado ni yeye ambaye mtoto hukimbilia akitishwa na kitu huko nje.

Jioni ya leo, baada ya chakula, mwite mwanao. Ileteni tableti mezani. Anzeni na namba ya siri, kisha akaunti, kisha duka, kisha video, kisha saa. Mkimaliza, msiondoke mara moja. Muulize, "Je, kuna kitu ulichokiona humu ambacho hukukipenda?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Kwaherini, hadi tutakapozungumza tena.